Mtungi wa Ghorofa ya Nne

Inspekta Hyasinta Komba alipanda ngazi za ghorofa nne kwa mara ya tatu ndani ya siku mbili, na safari hii alipanda huku amenuna. Mkuu wake alikuwa amempa mpaka saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa jalada linakwenda kwa wakili wa serikali, na Zulekha, mwenye chumba cha mimea, pamoja na Hillary, fundi anayemletea gesi, watasomewa shitaka la kumuua Rajabu, mume wa Zulekha. Mauaji hayana dhamana. Ukishasomewa hilo utakaa rumande mpaka uote mvi, uwe umeua au hukuua. Na sasa ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Ijumaa, Kariakoo nzima iko barabarani, na mjane mwenyewe eda yake anaikalia mahabusu.

Kesi yenyewe, kama walivyoipenda kituoni, ilikuwa nyepesi. Jumatano, saa kumi na moja jioni, wapangaji wa jengo lile la Mtaa wa Mchikichi walimsikia Zulekha anapiga ukunga. Walipanda mbio, wakamkuta kapiga magoti mlangoni mwa chumba anachooteshea mrehani na nanaa za kuuza mahotelini. Hillary kasimama nyuma yake, na Rajabu yuko ndani, kalala ubavu chini ya rafu ya chini kabisa, amekwisha kufa. Jeraha hana. Koki ya mtungi wa gesi imefunguliwa mpaka mwisho na mtungi hauna kitu. Daktari akasema mtu huyu kakosa hewa. Sasa wewe ungetaka nini tena? Mke, hawara, mume aliyegundua, na gesi. Hata muuza kahawa wa kona ile alikuwa ameshatoa hukumu.

Na wivu wa Rajabu, loo, huo ulikuwa mali ya mtaa. Duka lake la vitenge lilikuwa chini ya jengo hilo hilo, na akimwona Hillary anapita na mtungi begani anamwacha mteja na kitambaa mkononi, anatoka kibarazani kutazama saa. Mlango wa chumba cha mimea ukifungwa huko juu, yeye huku chini hali wala hanywi. Nyumbani alipitisha sheria kwamba simu ya mtu na ndoa yake haiwekwi namba ya siri, ili aipekue ya mkewe akitaka, na kwa kuwa sheria ni yake mwenyewe ikabidi na yake iwe wazi vile vile. Watu walimcheka. Wengine, kwa kukosa kazi, walimtilia petroli.

Mlango ulikuwa na sababu yake, na Zulekha alikuwa ameieleza Alhamisi mbele ya karani wa kituo, macho yamemvimba. Ile gesi ni hewa ukaa, hii hii tunayoitoa puani, inayotiwa pia kwenye soda. Mimea inaila mchana kutwa ilimradi ipate mwanga. Ukiiongeza chumbani, ukaziba dirisha na kusokomeza kanga chini ya mlango isitoroke, majani yanatakiwa yanenepe. Yeye hakuwa na haja nayo mpaka siku alipoingia chumba cha Moza, muuza mrehani mwenzake wa Mtaa wa Sikukuu, akaona mrehani wenye jani la kufunika kiganja, na hoteli aliyokuwa akiipelekea yeye imehamia huko.

"Niliona wivu, afande, sikufichi," alisema. "Wiki nzima sikulala. Nikamtafuta fundi wake, nikamwambia alichomfanyia Moza anifanyie na mimi."

Miezi mitatu akatia gesi. Mwanamke hodari huyu, maana hakuridhika kusikia tu. Alitenga rafu mbili, moja akaizungushia nailoni isipate gesi, akawa anapima majani kila Jumamosi. Rafu yenye gesi ilizidi, lakini ilizidi kidogo mno. Taa zake zilikuwa hafifu kuliko za Moza, na mmea wenye mwanga haba hauna la kuifanyia gesi ya ziada. Ni kama kumpakulia sahani tatu mtu ambaye hata moja haimalizi, alisema. Kwa hiyo akaamua kuacha. Jumatano mchana alimwita Hillary aje auchukue mtungi. Lakini wapagazi wa jengo lile hawashushi mtungi wenye gesi tangu mmoja ulipowaponyoka ngazini mwaka jana. Ikabidi yeye na Hillary waufungue wote, wafunge mlango, mtungi ujimalize humo ndani, Hillary aje kuuchukua jioni ukiwa mtupu.

Kituoni walicheka. Yaani siku uliyoamua kuachana na gesi ndiyo siku hiyo hiyo mumeo anakufa kwa gesi? Walipomuuliza kama hakukuwa na sababu nyingine ya kuacha, aliinamisha kichwa akasema hakuna. Hyasinta aliona kwamba hapo alidanganya, na ndilo jambo lililomkosesha raha tangu jana.

Koplo Shomari alikuwa anamsubiri mlangoni, leso puani.

Hyasinta alimwambia atoe hiyo leso, mlango uko wazi tangu Jumatano. Chumba kilikuwa kidogo, mita tatu kwa nne, dirisha limezibwa kwa mbao, kuta zimebandikwa karatasi za kung'aa. Taa zilizimwa na polisi, na mrehani ulikuwa umeanza kulala kwa kiu. Harufu yake ilijaa mpaka kwenye korido. Inspekta alimwamuru Shomari alale pale alipolala marehemu. Shomari akamkumbusha kwamba yeye ana mke na watoto watatu. Basi Hyasinta akapandisha suruali magotini, akalala mwenyewe.

Ukiwa chini pale unaona mambo ambayo aliyesimama hayaoni. Kwanza, unaona mlango wote kuanzia chini, na miguu ya yeyote atakayeingia, wakati yeye hakuoni hata kidogo kwa sababu ndoo za maji zimepangwa mbele. Pili, nyuma ya mgongo wako kuna feni ndogo ya sakafuni. Kazi yake ni kuikoroga hewa, maana gesi hii ni nzito, hupenda kutuama. Hyasinta hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza hilo. Bibi yake kule Songea alikuwa mpika komoni, na alipoteremsha kibatari ndani ya pipa la pombe inayochemka kwa chachu, moto ulizimika kabla haujaigusa pombe.

Plagi ya feni ilikuwa imechomolewa. Haikung'oka kwa kukanyagwa au kuvutwa. Ilichomolewa, ikawekwa juu ya kipande cha tofali isilowe.

"Nani alichomoa hii?" aliuliza akiwa bado chini.

Shomari akasema si polisi. Picha za Jumatano zinaionyesha hivyo hivyo.

"Na viatu vyake?"

Shomari akafungua orodha ya vielelezo. Jozi moja ya viatu vya ngozi, ndani ya mfuko wa kitambaa, chini ya kichwa cha marehemu. Kituoni walisema wauaji walimvua ili aonekane kalala. Hyasinta akataka picha ya viatu, akaitazama, akamrudishia. Soksi zilikuwa zimekunjwa vizuri, kila moja ndani ya kiatu chake.

Alikaa kitako akajifuta vumbi. Muuaji gani huyo, mwenye pumzi ya kumkunjia soksi aliyemuua? Rajabu alivua mwenyewe, nje, asisikike akitembea. Mlango haukuvunjwa, basi funguo kaichongesha, mafundi wamejaa Msimbazi. Akaingia, akachomoa feni kwa sababu feni inapiga kelele na yeye anataka kusikia watu wanasema nini. Kisha akalala nyuma ya ndoo, viatu kavifanya mto, akangoja. Huyu mtu hakuletwa humu.

"Alikuja kufumania," Shomari alisema polepole.

"Kufumania peke yako ni ugomvi tu wa nyumbani. Fumanizi lina mashahidi. Simu yake ya mwisho alimpigia nani?"

Kampuni ya simu ilikuwa imeshajibu. Saa nane na dakika kumi mchana, Rajabu alimpigia Mgeni, mjumbe wa nyumba kumi. Sekunde arobaini. Simu yenyewe haikuonekana, na kituoni walishasema Hillary ndiye aliyeitupa.

Mzee Mgeni aliuza kofia na misala ng'ambo ya barabara, na kwa Ijumaa ile duka lilikuwa limefurika. Alipomwona Hyasinta alianza kuhesabu kofia ambazo hakuna aliyemwomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Karibu. Nina wateja, unaona."

Hyasinta alisema ataona akimaliza. Akavuta kigoda akakaa katikati ya duka na sare yake, na kabla ya dakika tano wateja walikuwa wamekumbuka shughuli nyingine. Akauliza juu ya simu ya Jumatano. Mgeni akasema walizungumzia taka. Jengo la marehemu lilikuwa linatupa taka ovyo. Hyasinta akauliza kama ndiyo maana yeye na watu wawili walikaa kwa muuza kahawa kuanzia saa nane mpaka adhana ya alasiri, wakitazama juu. Hilo alilibahatisha. Alijua tu kwamba mjumbe hafumanii peke yake, na kwamba mahali pekee pa kukaa ukaziona ngazi za jengo lile ni pale kwa muuza kahawa.

Mzee akaketi juu ya furushi la misala.

Akatoa yote. Rajabu alimjia tangu Jumanne, akamwambia amechoka kuchekwa, safari hii anataka kuwakamata mbele ya serikali ya mtaa. Yeye atajificha ndani. Akishaona jambo, atambipu mjumbe, nao wapande. Simu ataitega ichukue picha ya video, ataificha kwenye majani. Saa nane na kumi akapiga kusema ameshaingia. Nusu saa baadaye wakamwona Zulekha anapanda, Hillary nyuma yake. Haikupita robo saa, Hillary akashuka, na Zulekha nyuma yake, kila mmoja akashika njia yake. Bipu haikuja. Wakajua jamaa kakuta hakuna kitu, kaona haya, atashuka kwa wakati wake.

"Tukanywa kahawa, afande. Kikombe cha pili, cha tatu. Tukamcheka," Mgeni alisema. "Tukala na kashata. Na mwenzetu huko juu anakufa."

"Ukakaa kimya siku mbili. Mwanamke yuko ndani."

"Ningesema nini? Kwamba mimi mjumbe nilimsindikiza mtu kwenda kufa?"

Hyasinta alimwambia afunge duka aje naye, atahitajika kutia sahihi.

Polisi walikuwa wametafuta simu ile sakafuni, chooni, mfukoni mwa Hillary na juu ya paa. Hakuna aliyetafuta ndani ya mrehani wenyewe, kwa sababu kila aliyeingia chumba kile alitazama mtungi. Hyasinta alianza rafu ya chini, upande unaotazama mlango, akapitisha vidole kati ya mashina kopo kwa kopo. Kopo la kumi na moja lilikuwa na simu, imesimamishwa ndani ya udongo mpaka nusu, jicho lake linachungulia kati ya majani mawili. Imekufa chaji. Shomari akapiga picha, Mgeni akatia sahihi kwamba ameiona ikitolewa.

Fundi simu wa chini ya jengo akawaazima chaja na kiti. Walingoja dakika kumi na tano. Simu ilipowaka haikuuliza namba ya siri, na kwa mara ya kwanza sheria ya Rajabu ikamfaa mtu.

Picha ya mwisho ilikuwa ndefu. Majani, kisha kipande cha sakafu na chini ya mlango. Dakika nyingi hakuna kitu ila mtu anayepumua karibu sana. Funguo ikalia. Miguu miwili ikaingia, pindo la baibui, na nyuma yake mabuti. Mlango ukaachwa wazi. Hyasinta akalitazama hilo, Mgeni naye akalitazama, akaangalia pembeni.

Zulekha ndiye aliyeanza. Alisema feni imekata tena. Hillary akamwambia aiache, chumba kikitulia gesi itakaa, mimea ishibe mara ya mwisho. Kisha akaanza kumbembeleza asiache. Akamwambia tatizo si gesi, tatizo ni taa. Anunue taa kali kama za Moza, halafu aone kama jani halitafunika kiganja. Sauti yake ilikuwa ya fundi anayepoteza mteja, basi, hakuna zaidi ya hapo.

"Hillary," Zulekha alisema, "hata ingekuwa inaotesha dhahabu, basi. Nimeacha kwa ajili ya mume wangu. Kila ukipanda hizi ngazi yeye anakonda. Nanaa nitaotesha nyingine. Yeye sina mwingine."

Hillary akauliza kwa nini asimwambie hivyo mwenyewe.

"Namwambia leo. Nampikia, akishakula namwambia. Mlango huu akitaka aung'oe kabisa."

Koki ikafunguliwa, gesi ikaanza kuvuma. Miguu ikatoka. Mlango ukafungwa, kanga ikasokomezwa kwa nje, funguo ikalia. Nyuma ya mlango Hillary alisikika bado, anauliza jioni aje saa ngapi, na Zulekha anamjibu.

Rajabu hakutoka. Hyasinta alisimamisha picha hapo, akawaza kama polisi. Mume kasikia alichosikia. Akiinuka sasa akagonga mlango, atafunguliwa na mkewe na fundi, naye yuko pekupeku, soksi mkononi, na mjumbe yuko chini na mashahidi wawili. Aliyefumaniwa atakuwa yeye. Basi alingoja waondoke kwanza. Funguo anayo, haraka ya nini? Naye alikuwa amelala pale pale inapotua gesi, na feni ya kuikoroga kaichomoa kwa mkono wake.

Alipoiruhusu picha iendelee, kilichofuata kilimfanya Shomari avue kofia. Mgeni hakuweza kusikiliza mpaka mwisho. Alitoka nje akaegemea gari la mtu.

Mkuu wa upelelezi aliitazama picha hiyo saa saba na dakika ishirini, mara mbili, akalifunga jalada. Kisha akasema ni ajali, watu waachiwe. Hillary alitoka mbio hata mkanda wake akausahau kaunta. Zulekha aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, kanga kajitanda mpaka usoni, akakaa pale pale alipokaa Alhamisi.

Hyasinta alikuwa ameagiza chai. Alimsogezea.

"Unakwenda nyumbani, mdogo wangu. Wewe na Hillary, nyote wawili. Imekwisha."

Zulekha hakuigusa chai. "Mmempata aliyemuua?"

Katika miaka kumi na tisa ya kazi Hyasinta alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara alikuwa na jina la kutaja. Angeweza kusema ajali akanyamaza, na sheria isingemdai zaidi. Lakini picha ile ingeonyeshwa kwa ndugu wa mume, Mgeni naye ana mdomo, na kabla ya Jumapili Kariakoo yote ingekuwa nayo. Afadhali aisikie hapa, mlango umefungwa, kuliko kuisikia kwenye foleni ya maji.

Akamwambia yote kwa mpangilio, bila kupamba. Funguo ya kuchonga. Soksi. Feni. Ndoo. Kwamba wakati anaifungua ile koki, mumewe alikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Zulekha alisikiliza bila kupepesa. Mwisho akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza akautazama, kiganja na mgongo.

"Ni mimi," alisema.

"Hukujua."

"Alisikia? Nilivyosema?"

Hyasinta akaitoa simu, akaiweka katikati ya meza. Alitafuta mahali pale, baada ya nyayo za Hillary kufifia ngazini, akabonyeza. Gesi ilikuwa inavuma. Juu ya mvumo ule, karibu kabisa na jicho la simu, mwanamume alicheka. Alicheka taratibu, kwa tumbo, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akataka kujizuia asisikike akashindwa. "Zule," alisema peke yake nyuma ya ndoo. "Zule wewe." Akacheka tena.

Baada ya hapo kulikuwa na kikohozi, na Hyasinta alijua kilichofuata kikohozi. Akanyoosha kidole azime. Zulekha akamshika mkono, akaizima mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kanga, na hakuyafuta.

"Tangu mwezi wa Ramadhani hajacheka," alisema. "Nilidhani alishasahau."

Nje saa tisa ilikuwa bado haijafika. Hyasinta alimwuliza kama ana mtu wa kumpeleka nyumbani, au amwite Shomari alete gari. Zulekha aliisukuma simu ikarudi upande wa inspekta, pole pole.

"Irudishe pale anapocheka."

Hyasinta akairudisha.